Je, Wajua? Orodha ya Kompyuta Inavyopangwa, na Nani Aliamua

Je, wajua kwamba ukiipa JavaScript, lugha ya kuandikia programu, uzito wa mizigo mitatu ya mahindi kutoka Matulo, Bungoma, kilo 90, 100 na 9, kisha ukaiambia ipange kwa amri ya sort bila maelezo zaidi, itakupa 100, 9, 90? Haikukosea. Tangu miaka ya 1990 waundaji wake waliamua kila kitu kigeuzwe maandishi kwanza, kisha kilinganishwe alama kwa alama, na 1 hutangulia 9. Uamuzi huo haurekebishiki tena, maana tovuti nyingi mno zimejengwa juu yake.

Hata majina hugombaniwa. Ilipendekezwa fanksheni ya JavaScript ya kufungua orodha zilizo ndani ya orodha iitwe flatten. Jina hilo lilikuwa limeshatumiwa na MooTools, maktaba ya zamani ya programu, na tovuti zake zingevunjika. Mwaka 2018 ikaitwa flat.

Je, wajua kwamba lugha ya Fortran ya 1957 huhesabu vipengele vya orodha kuanzia 1, C ya 1972 huanzia 0, na Lua, iliyozaliwa Brazil mwaka 1993, ikarudi kwenye 1? Anayepanda ngazi Bungoma mjini hashangai: ghorofa ya kwanza iko juu ya ile ya chini kabisa, ambayo ni kama 0.

Hili la afya linatuhusu zaidi. Kliniki za mpango wa afya wa AMPATH, ikiwemo ya Webuye, jirani kabisa na Matulo, na ya Kitale, zimetunza kumbukumbu za wagonjwa kwa OpenMRS, programu iliyoasisiwa 2004 na kuanza kazi Eldoret 2006. Imeandikwa kwa Java. Mwaka huohuo wa 2006, mwandishi wa programu Joshua Bloch alitangaza kosa katika fanksheni ya Java ya kutafuta ndani ya orodha iliyopangwa, ambayo aliiandika mwenyewe. Ili kupata katikati, ilijumlisha nafasi ya mwanzo na ya mwisho, kisha ikagawa kwa mbili. Orodha ikipita vipengele bilioni moja hivi, jumla huweza kufurika na kugeuka hasi. Kosa lilikuwa limelala humo takriban miaka tisa. Hakuna kliniki yenye orodha ndefu hivyo, lakini mstari mmoja ulirithiwa na kila aliyetumia Java. Mwaka 2015 tena, watafiti waliojaribu kuthibitisha kwa hisabati TimSort, mbinu ya kupanga ambayo Tim Peters aliibuni 2002 kwa ajili ya Python na Java ikaichukua, waligundua kwamba toleo la Java lingeweza kusimama ghafla kwa kosa.

Orodha tupu je? Jumla yake ni 0, na zao lake la kuzidisha ni 1. Ukiuliza namba iliyo kubwa zaidi, Python hukataa na kutangaza kosa, ilhali Math.max ya JavaScript ikikosa namba hurudisha hasi isiyo na kikomo. Mimi niko na Python. Siku ambayo hakuna aliyeleta gunia kwenye mizani, hakuna gunia zito kuliko yote, na mkulima anastahili kuambiwa hivyo.

Je, wajua kwamba Ushahidi, jukwaa lililozaliwa Kenya 2008, lilijengwa kwa PHP, ambayo array_map yake hutaka fanksheni itangulie orodha, huku array_filter ikitaka orodha itangulie? Mpangilio huo umewasumbua waandishi wa programu miaka yote. Lugha hiyo ilianza 1995, na array_find, ya kuchukua kipengele cha kwanza kinachotimiza sharti, ikaingia 2024 tu. Mapendekezo ya PHP hujadiliwa hadharani na hupita kwa theluthi mbili za kura. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii anaweza kuandika lake.