Miguu Myeupe ya Korongo wa Dandora

Ukitaka kuona ndege wakubwa wa porini Eastlands, Nairobi, huhitaji kulipa kiingilio cha mbuga. Inua macho tu. Asubuhi korongo waitwao marabu hupita juu ya Komarock wakielekea jaa la taka la Dandora, ng'ambo ya mto, mabawa yametandazwa hadi mita 2.5, shingo imekunjwa. Wengi wetu tunawajua kama ndege wa jaa, na hatuwatazami mara mbili.

Mimi niliwatazama kwa sababu ya miguu. Mgongo mweusi, kichwa kina upara mwekundu wenye madoa, lakini miguu ni myeupe pe! Nilimuuliza jirani yangu, kijana muuza vipuri vya pikipiki. Habari za ndege alijifunza kwenye matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Nairobi, yale aliyoyaanzisha Fleur Ng'weno mwaka 1971.

Alinipa darubini, akaniambia nisubiri jua likolee. Marabu alikuwa amesimama juu ya nguzo ya taa kando ya barabara ya Kangundo. Punde akashusha mkia, akajimiminia kinyesi chepesi, kikateremka toka gotini hadi vidoleni. Hakushtuka, wala hakujifuta. Jirani yangu akaeleza kwamba ngozi ya miguu hiyo ni ya kijivu kilichokoza. Weupe ni kinyesi kilichokauka. Maji yaliyomo yanapokauka huondoka na joto, damu inayopita miguuni inapoa, na mwili wote unapata nafuu, kama mtungi unavyopoza maji kwa kutoa jasho. Ndiyo maana, anasema, mvua kubwa ikimwosha utamkuta na miguu myeusi yenye michirizi, kisha jua likichoma anaanza upya.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimsikiliza jirani yangu bila kuchoka. Upara nao una kazi: anayetia kichwa ndani ya mzoga angebaki na damu kwenye manyoya. Ule mfuko unaoning'inia shingoni hauna chakula, hujaa hewa, na hutumika zaidi wakati wa kujionyesha kwa mwenzi. Sauti anayo kidogo sana, hivyo husema kwa kugonganisha mdomo.

Jambo linalomkera jirani yangu ni dharau yetu. Marabu hula mizoga na mabaki ambayo mji huu umeshindwa kuyazoa, na malipo yake ni kurushiwa mawe na watoto. Jaa lenyewe lilianza miaka ya 1970, likatangazwa kujaa zamani, na malori bado yanaingia.

Nilimuuliza jaa likifungwa marabu watakwenda wapi. Alifikiri, akaja na swali lake. Vifaranga vya marabu hukaa kiotani takriban miezi minne, na ili mifupa ikomae wanahitaji samaki, vyura, panya, wanyama wadogo wenye mifupa. Mabaki ya ugali hayawatoshi. Sasa, katika mto huu wetu ulivyo leo, wazazi wao wanavua nini?