Watoto wa Lugazi, besiboli na cheti cha kuzaliwa

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA anayetoka Malaba na mzigo wake kuelekea Kampala huijua Lugazi kwa miwa na malori ya sukari. Ukishapita msitu wa Mabira na kuku wa kuchoma wa Najjembe, umefika. Lakini Agosti 2012 mji huo mdogo ulitoa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za besiboli ya watoto, Little League, huko Williamsport, Marekani.

Walifungwa na Panama, wakafungwa vibaya na Mexico, kisha wakawashinda watoto wa Oregon 3-2 katika mechi ya kirafiki. Miaka mitatu baadaye, 2015, Uganda ikarudi na kuifunga Jamhuri ya Dominika 4-1, nchi ambayo mtoto huzaliwa na glavu mkononi.

Kwa asiyeujua mchezo huu: mmoja hurusha mpira mdogo mgumu, mwenzake huupiga kwa gongo (la mti, si lile la kunywa), kisha hukimbia kuzunguka vituo vinne. Nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji. Kwa watoto, kutoka kituo hadi kituo ni mita 18 na ushee, na mrushaji husimama mita 14 kutoka kwa mpigaji. Uwanja wa shule unatosha.

Vifaa ndivyo adimu, na hapo ndipo akili hufanya kazi. Mpira wa tenisi na ukuta vinatosha kumfundisha mtoto kudaka: arushe, urudi, audake kwa mikono miwili huku magoti yamekunjwa. Tairi kuukuu lililofungwa kwenye mti hupigwa gongo hadi kiuno na mikono vizoee kwenda pamoja. Nguvu ya pigo hutoka miguuni na kiunoni, si mabegani kama wengi wadhanivyo.

Jambo moja wazazi walishike. Mkono wa mtoto una kikomo. Kanuni za Little League zinamruhusu mwenye miaka 11 au 12 kurusha mipira 85 tu kwa siku, na wa miaka 9 au 10 mipira 75. Akifikisha 66, apumzike siku nne. Mifupa ya kiwiko bado inakua. Kocha anayemrushisha mtoto kutwa kwa sababu tu timu inashinda hana tofauti na dereva anayepakia tani 15 kwenye lori la tani saba. Litafika safari ya leo, ya kesho halitafika.

Anayeonyesha mazoezi ya kimaskini yanaweza kumfikisha mtu wapi ni Dennis Kasumba, kijana yatima wa wilaya ya Wakiso. Alikuwa kibarua machinjioni kocha Paul Wafula alipomwita uwanjani. Alichagua nafasi ya mdakaji, ambayo ni ngumu kuliko zote. Video zake zilienea duniani: amechuchumaa kwenye matope, tairi limefungwa mwilini, anadaka mpira baada ya mpira. Mwaka 2023 alijiunga na Frederick Keys, wakati huo timu ya vijana wanaotafuta nafasi ya kulipwa, katika jimbo la Maryland. Mwaka mmoja kabla yake, Ben Serunkuma na Umar Male walisajiliwa na Los Angeles Dodgers.

Lakini kabla ya Maryland Kasumba alinyimwa viza zaidi ya mara moja. Msomaji wa ukurasa huu anaielewa habari hiyo bila kuelezwa. Nani kati yetu hajakaa kwenye benchi la ofisi ya mpakani kwa sababu jina la kwenye kitambulisho lina herufi moja tofauti na la kwenye pasi? Na kwa ndugu zetu waliorudi kutoka kambini, mtoto wangapi tarehe yao ya kuzaliwa iliandikwa kwa kukisia, Januari mosi, ili foleni isogee?

Katika besiboli ya watoto tarehe hiyo ndiyo kila kitu, maana timu hupangwa kwa umri. Mwaka 2011 watoto wa Kampala, wa timu ya Rev. John Foundation, walishinda kanda yao huko Kutno, Poland, wakapata tiketi ya Williamsport. Viza zikakataliwa. Marekani ilisema hati zao za umri hazikulingana. Nafasi ikaenda kwa timu ya Dhahran, Saudi Arabia, na watoto waliokuwa wameishinda kanda nzima wakabaki nyumbani.

Kwa hiyo mwenye mwanawe anayependa mchezo, amwandikishe sasa, na jina la cheti cha kuzaliwa liwe lile lile la shuleni. Anayengoja hadi timu iitwe amechelewa.

Timu iliyokuwa icheze na wale wa 2011 siku ya kwanza ilitoka Langley, Canada. Januari 2012 Wakanada hao walipanda ndege wenyewe wakaja Uganda, mechi ikachezwa. Uganda ilishinda 2-1. Agosti ya mwaka huo ndege ya kwenda Marekani ilibeba watoto wengine, wale wa Lugazi.