Tusiwacheke Makauboi Walioimba

Kuna filamu ambazo mhakiki akizitaja hutanguliza kicheko. Miongoni mwazo ni zile za makauboi waimbaji, zilizotolewa kwa wingi nchini Marekani tangu miaka ya 1930 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Shujaa anawafukuza majambazi juu ya farasi, vumbi linatimka, risasi zinalia. Punde si punde anashuka, anatwaa gitaa na kuimba kana kwamba ulimwenguni hamna jambazi hata mmoja. Lawama ya wahakiki ni ile ile siku zote: eti wimbo unaikatiza hadithi.

Nimefundisha fasihi simulizi kwa muda wa kutosha kuiona lawama hii kuwa ya ajabu. Ni mwalimu yupi amwambiaye mwanafunzi kwamba wimbo ndani ya ngano ni kasoro? Sisi huwafunza kinyume chake: kwamba fanani huuingiza wimbo ili aishirikishe hadhira, aiondolee uchovu, adokeze yaliyomo moyoni mwa mhusika na, mara nyingine, ausukume mbele mtiririko wa matukio. Zimwi likimkaribia msichana, wimbo ndio unaowaita kaka zake. Iweje basi tukisifu kitu kando ya moto na kukidharau kwenye kiwambo cha sinema?

Sikatai kwamba filamu zenyewe zilikuwa za gharama ndogo. Nyingi zilidumu kwa muda wa saa moja hivi, zikapigwa kwa wiki moja au mbili, na miamba ya Alabama Hills kule California ikaonekana katika filamu moja baada ya nyingine. Picha za farasi wakikimbia zilitolewa kabatini na kutumiwa upya katika hadithi tofauti kabisa. Katika hali hiyo wimbo ulikuwa neema. Dakika tatu za kuimba zilihitaji mtu, gitaa na mti wenye kivuli. Kundi la ng'ombe waliotimka mbio lilihitaji fedha. Kisha sauti ilikuwa imeingia katika sinema miaka michache tu kabla, na watu walitaka kuisikia. Hata John Wayne, ambaye hakuwa mwimbaji, alifanywa kauboi mwimbaji katika Riders of Destiny ya mwaka 1933. Midomo yake ilicheza, sauti ikawa ya mtu mwingine!

Aliyeupa mtindo huu nguvu ni Gene Autry, mzaliwa wa Texas aliyekuwa karani wa simu za reli kabla ya kupata umaarufu katika redio na santuri. Mwaka 1935 kampuni ya Republic ilitoa Tumbling Tumbleweeds, naye akawa nyota. Katika filamu zake aliitwa Gene Autry, jina lake mwenyewe, na farasi walikimbia sambamba na magari bila mtu yeyote kushangaa.

Mwaka 1938 Autry alizozana na kampuni hiyo juu ya malipo. Nafasi yake akapewa kijana Leonard Slye, aliyebatizwa upya Roy Rogers, katika Under Western Stars. Hii ndiyo filamu ambayo ningependa mwanafunzi aitazame kabla hajacheka. Adui humo ni kampuni inayowabania wafugaji maji, wakati ukame na tufani za vumbi vilipokuwa vimeharibu kweli nyanda za kati za Marekani. Shujaa anachaguliwa kwenda bungeni. Huko Washington anawaonyesha wakubwa picha za ardhi iliyokauka huku akiimba juu ya vumbi hilo. Wimbo huo, Dust, uliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Hapo wimbo hauikatizi hadithi. Wimbo ndio hoja yenyewe ya mbunge. Ardhi, maji, na mwenye nguvu anayevishika: sidhani kama mwanafunzi wa Kenya anahitaji kufafanuliwa zaidi.

Baadaye televisheni ilipozinunua filamu hizi, nyingi zilikatwa zikabaki dakika hamsini na kitu ili zitoshe katika ratiba. Mkasi uliangukia nyimbo mara nyingi. Wengi wa waliozidharau walitazama mabaki tu, yaani mbio na bastola.

Lakini lawama niionayo kuwa ya haki ni nyingine, nayo haihusu nyimbo. Wanahistoria hukadiria kwamba karibu mmoja kati ya kila makauboi wanne wa karne ya 19 alikuwa mtu mweusi, wengi wao wakiwa wametoka utumwani. Tazama filamu za Autry na Rogers ukamtafute shujaa huyo, hutamwona. Aliyejaribu kulijaza pengo hilo ni Herb Jeffries, mwimbaji ambaye baadaye alijiunga na bendi ya Duke Ellington. Baina ya 1937 na 1939 aliongoza waigizaji weusi katika filamu nne, ya kwanza ikiwa Harlem on the Prairie. Walipanda farasi, wakafukuza wezi, wakaimba. Zilitengenezwa kwa fedha kidogo hata kuliko zile za Republic, na watazamaji wake wakuu walikuwa watu weusi, ambao katika majimbo mengi ya kusini hawakuruhusiwa kuketi pamoja na wazungu ndani ya sinema.

Jeffries, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa na ngozi nyeupe kiasi. Ili akubalike kuwa shujaa mweusi alipakwa rangi usoni, na kofia yake haikuvuliwa ovyo, nywele zisije zikamsaliti. Chini ya kofia hiyo sauti ilikuwa yake mwenyewe.