Jirani Yako Anajenga Imani Yako. Na Wewe Unajenga ya Nani?

Mwezi huu tunazungumza juu ya jambo ambalo kila mtu kambini analiona kila siku, ila mara nyingi hatulifikirii. Ni hili: watu tunaoishi nao wanaijenga imani yetu, au wanaibomoa.

Wengi wetu tukiulizwa imani yetu ilitoka wapi, tunataja padri, mchungaji au jina la kanisa. Sawa, ni kweli. Lakini ukikaa ukawaza vizuri, utakuta kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa karibu zaidi. Labda ni bibi aliyesali kwa sauti ndogo kabla ya kulala. Labda ni jirani aliyekuvuta ukaimbe kwaya. Hata Paulo alipomwandikia Timotheo (2 Timotheo 1:5), alimkumbusha imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Kwa hiyo imani ya kijana yule ilianza nyumbani, kwa wanawake wawili aliokuwa anawaona kila siku.

Sasa sisi tuko kambini. Hapa jirani hatukumchagua. Tulipofika tulipewa kiwanja, tukakuta huku wanatoka Kongo, kule Burundi, mbele yetu Sudan au Ethiopia, na wenyeji wetu wa Sudan Kusini nao wako hapo hapo. Lugha mbalimbali, vyakula mbalimbali, na kila mmoja amebeba machungu yake. Je, Mungu anaweza kutumia watu wa namna hii kutukuza kiroho? Tuangalie mifano.

Mtoto wa Katire

Hapa Sudan Kusini wengi wanalijua jina la Askofu Paride Taban. Alizaliwa mwaka 1936, akapewa upadri mwaka 1964, mwaka ule ule ambao serikali ya Khartoum iliwafukuza wamisionari wa kigeni wote waliokuwa Kusini. Kanisa likabaki mikononi mwa mapadre wachache wa hapa, wachungaji, makatekista na walei. Yaani mtu akitaka kujifunza sala, alimwendea jirani yake. Na Kanisa halikufa.

Taban alikulia Katire, chini ya milima ya Imatong, mahali palipokuwa na kiwanda cha kupasua mbao. Wafanyakazi walitoka makabila tofauti, na familia zao ziliishi pamoja. Watoto walicheza pamoja bila kuulizana kabila. Alipokuwa mzee bado alikuwa anayasimulia maisha yale. Baadaye akatembelea kijiji kimoja huko Israeli kinachoitwa Neve Shalom, ambako familia za Wayahudi na za Wapalestina zimekubali kuishi kijiji kimoja. Akaona kwamba lile alilolijua utotoni linawezekana hata kati ya watu wenye uadui mkubwa.

Alikuwa askofu wa Torit kuanzia mwaka 1983 mpaka 2004, miaka ya vita karibu yote. Mwaka 1989 SPLA walipouteka mji wa Torit, yeye hakukimbia, na wakamzuilia. Alipoachiwa hakulipiza kisasi; aliendelea kutafuta chakula na dawa kwa ajili ya watu wote. Alipostaafu hakwenda kupumzika mjini. Mwaka 2005 alianzisha Kijiji cha Amani cha Utatu Mtakatifu huko Kuron, mashariki kabisa ya Equatoria, karibu na mpaka wa Ethiopia. Ni eneo la wafugaji ambao kwa miaka mingi waliibiana ng'ombe na kuuana. Pale kikajengwa kijiji chenye shule, zahanati na mashamba ya kujifunzia kilimo, na watoto wa makabila yaliyokuwa yanapigana wakakaa dawati moja.

Mwaka 2013 alipewa Tuzo ya Sergio Vieira de Mello kwa kazi hiyo. Alifariki Nairobi tarehe 1 Novemba 2023.

Ndugu msomaji, angalia mambo yalivyoenda. Wale wapasuaji mbao wa Katire hawakujua kwamba wanamlea askofu. Walikuwa wanaishi tu na majirani zao kwa amani, wanagawana chumvi, wanaangaliana watoto. Miaka 60 baadaye matunda yakaonekana Kuron. Nawe hujui mtoto anayecheza mbele ya mlango wako leo atakuwa nani kesho, wala atakumbuka nini juu yako.

Bakhita na msalaba mdogo

Ukiwa Juba ukifungua redio, utakutana na Redio Bakhita, redio ya Jimbo Kuu Katoliki la Juba, iliyoanza mwaka 2006. Imepewa jina la Mtakatifu Yosefina Bakhita, binti wa Darfur aliyeibwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani mara nyingi, akapigwa na kuumizwa mwili mzima. Mwaka 1885 alipelekwa Italia na kuwekwa katika familia moja kama mlezi wa mtoto wao.

Nani alimwonyesha Yesu? Mtu wa kwanza alikuwa msimamizi wa mali za familia ile, Illuminato Checchini, mume na baba wa watoto. Alimpa Bakhita msalaba mdogo wa fedha. Bakhita hakuelewa maana yake, lakini aliutunza kwa siri. Baadaye masista Wakanosa wa Venice wakamfundisha taratibu, na tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa. Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu.

Walikuwepo pia watu waliomfundisha Bakhita kwamba yeye ni kitu cha kuuzwa. Nao walikuwa karibu naye, miaka mingi. Mtu mmoja mwenye huruma na masista wachache walitosha kumfungulia njia nyingine. Kwa hiyo tusidharau jambo dogo tunalomfanyia mtu aliyeumizwa. Kumkaribisha mgeni kwenye kivuli cha nyumba yako, kumsaidia mama mjane kubeba rasheni yake, kumfundisha mtoto wa jirani sala ya asubuhi: hayo yote yanaweza kuwa msalaba mdogo wa fedha mkononi mwa mtu.

Majirani wakigeuka

Lakini tuseme ukweli wote. Watu wanaotuzunguka wanaweza pia kutuharibu. Tarehe 15 Desemba 2013 vita viliwaka hapa Juba. Waliouana wengi walikuwa Wakristo, wamebatizwa, wengine walikuwa wanajiandaa kwa Krismasi. Watu walitafutwa nyumba kwa nyumba kwa sababu ya kabila lao, na maelfu wakakimbilia kambi za Umoja wa Mataifa. Mapigano yakarudi tena Julai 2016.

Tujiulize: ubatizo ulikwenda wapi? Haukupotea siku moja. Chuki ilifundishwa kwanza polepole, kwenye maongezi ya jioni, kwenye nyimbo za dharau, kwenye simu, kwa maneno kama "wale watu ndivyo walivyo". Mtu alisikia Injili Jumapili kwa saa mbili, kisha akasikia maneno ya chuki siku sita. Unafikiri kipi kilishinda? Paulo aliwaonya Wakorintho kwamba kukaa na watu wabaya kunaharibu tabia njema (1 Wakorintho 15:33). Onyo hilo ni letu sote, maana Kongo tumeyaona hayo, na Burundi tumeyaona, na Sudan mpaka leo.

Hata hivyo, tukumbuke na wale waliokataa. Ndugu zetu Warundi wanaijua habari ya seminari ndogo ya Buta, huko Bururi. Wakati wa vita, viongozi wa shule ile waliwazoesha wanafunzi Wahutu na Watutsi kuzungumza wazi juu ya ukabila, kucheza pamoja na kusali pamoja. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 washambuliaji wenye silaha waliingia bwenini, wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wakakataa. Waliuawa wanafunzi 40, Wahutu na Watutsi pamoja.

Tusifikiri kwamba ujasiri ule ulishuka alfajiri ile tu. Ulikuwa umejengwa mezani, uwanjani, darasani, siku baada ya siku, na watu waliowazunguka. Saa ya hatari ilipofika, kila mmoja alimwona mwenzake kuwa ndugu yake kweli. Juba na Buta zinatufundisha somo moja: tunayozoea kuyasikia na kuyatenda pamoja wakati wa utulivu ndiyo yatakayotoka ndani yetu wakati wa hatari.

Imani ya marafiki wanne

Katika Marko 2:1-12 tunasoma habari ya mtu aliyepooza. Yeye mwenyewe hakuweza kutembea kwenda kwa Yesu. Watu wanne walimbeba, wakakuta mlango umejaa watu, wakapanda juu, wakatoboa dari na kumshusha. Mwinjili anasema Yesu aliiona imani yao. Yao! Siyo ya mgonjwa peke yake.

Kambini kuna siku mtu anapooza rohoni. Ametafuta ndugu zake miaka mingi bila habari. Rasheni imepunguzwa. Mtoto amefariki. Mtu huyo akisema "mimi siwezi tena kusali", usimhukumu. Mbebe. Keti naye, sali wewe badala yake, mpelekee uji, rudi tena kesho. Na siku yako ikifika, kubali na wewe kubebwa. Wengine tuna kiburi, tunaficha shida mpaka zinatuua.

Ndiyo sababu mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, ambao Sudan ilikuwa ndani yake, walitilia mkazo jumuiya ndogo ndogo za Kikristo: familia chache za jirani kukutana nyumbani, kusoma Neno, na kuulizana nani mgonjwa, nani hana chakula, nani wamegombana. Makanisa mengine nayo yana vikundi vya maombi vya nyumba kwa nyumba. Jina halina shida. La maana ni kwamba kanisani unaweza kukaa mwaka mzima bila mtu kujua kwamba unalia, lakini kwenye kikundi cha familia kumi watajua.

Tufanye nini nyumbani?

Kwanza, wazazi, tuchunge maneno yetu mbele ya watoto. Mtoto aliyezaliwa kambini hana adui. Akiwa na adui, ujue kuna mtu mzima aliyempa. Unaweza kumweleza ukweli wa mambo yaliyokupata bila kumrithisha kisasi.

Pili, vijana, chagueni rafiki wa karibu kwa akili. Kusalimiana na kusaidiana, ni kwa watu wote. Lakini yule unayempa siri zako na kufuata mashauri yake, mpime kwanza. Ukiwa naye unapenda kusali zaidi, au unaona aibu kusali? Unarudi nyumbani na amani, au na hasira? Methali 13:20 inasema wazi kwamba anayetembea na wenye hekima naye atapata hekima. Na usiache rafiki aliyepotea bila kumwombea. Ila usimpe usukani wa maisha yako.

Tatu, tuwe na jirani mmoja wa kabila au nchi nyingine ambaye tunamjua kwa jina, tunajua watoto wake, tumeingia kwake na yeye ameingia kwetu. Mmoja tu wa kuanzia. Maneno ya chuki hayapati nafasi rahisi pale unapomkumbuka mtu uliyekula naye.

Nne, tukisikia uvumi, tusiupeleke mbele. Tuulize kwanza: ni kweli? Unajenga? Ungetamani useme hivyo mbele ya huyo mwenyewe? Kama sivyo, uishie kwako.

Maswali ya kuzungumza jioni na familia

1. Nani alikuwa wa kwanza kunifundisha kusali? Je, nimewahi kumshukuru, au kumwombea kama ameshafariki?
2. Ni mtu gani wa karibu ananisaidia kumpenda Mungu zaidi? Na ni maongezi gani yananirudisha nyuma?
3. Jirani zetu wakisikia yanayosemwa ndani ya nyumba yetu, watajifunza nini juu ya Yesu?
4. Ni familia gani karibu yetu imepooza na inahitaji kubebwa wiki hii? Nani ataenda, na lini?

Wapendwa, hatujui tutakaa kambini mpaka lini. Tunajua tu kwamba leo tuko hapa, na watu hawa ndio waliopo upande wetu wa kulia na wa kushoto. Tusingoje turudi nyumbani ndipo tuanze kuwa Wakristo wazuri. Kesho asubuhi ukienda bombani, mtakutana. Anza na salamu.