Mwalimu na Swali la Mwanafunzi
Mwalimu awaambiapo wanafunzi wa Mchikichini, Dar es Salaam, kwamba mahali pao pameitwa hivyo kwa sababu ya mchikichi, yafaa awatake wamwulize, "Umejuaje?" Sarufi yathibitisha kuwa jina hilo ni mchikichi, yaani mti wa mawese, pamoja na kiishio -ni cha mahali. Haithibitishi kwamba mti wenyewe ulikuwapo. Kwa hilo sharti waulizwe wazee na zitazamwe hati za zamani. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule zikuze akili ya kudadisi. Kuuliza si utovu wa adabu. Mwanafunzi asiyezoezwa kutenga ushahidi na dhana, hata kweli huipokea kama uvumi.