Siri ya Uimara wa Mfupa

Ili kuwafunulia wanafunzi siri ya mfupa, mwalimu hahitaji maabara ya gharama kubwa. Na aloweke mfupa mwembamba wa kuku katika siki kwa siku kadhaa: asidi itayeyusha madini, na mfupa utapindika kama mpira. Kilichobaki ni kolajeni, yaani nyuzi za protini. Mfupa mwingine ukichomwa hadi uwe mweupe, protini huteketea. Yabakiayo ni madini matupu, nayo humeguka upesi. Basi uimara wa mfupa watokana na muungano wa vitu hivyo viwili.

Muungano huo hutukiaje? Molekuli za kolajeni hujipanga kwa hatua za nanomita 67 hivi, zikiacha nafasi baina ya ncha zao. Mwaka 2010 watafiti wa Eindhoven, Uholanzi, walionyesha kuwa fosfati ya kalsiamu hupenya ndani ya uzi kabla haijawa fuwele, kisha hugeuka fuwele humo humo.

Wataalamu hujaribu kuiga utaratibu huo ili kuziba mapengo ya mifupa na kuimarisha dentini ya meno. Lakini enameli, gamba gumu la nje ya jino, haina kolajeni, na seli zilizoijenga hutoweka jino linapochomoza. Ikishatoboka, haioti tena. Mswaki wa leo hauna mbadala.