Funzo Lisiloondoka na Mwenye Nalo

Juni 2019, mtoto wa miaka mitano aliyetoka Kongo na familia yake alifikishwa Hospitali ya Kagando, wilayani Kasese. Wahudumu walishuku Ebola, akahamishiwa kituo cha kutengea wagonjwa cha Bwera, jirani na Karambi na mpaka wa Mpondwe. Tarehe 11 ugonjwa ukathibitishwa. Mtoto alifariki, bibi yake akafariki, na mdogo wake akafia Kongo alikorudishwa. Lakini ndani ya Uganda hakuambukizwa mtu.

Umakini huo ulilipiwa zamani, tena kwa bei kubwa. Mlipuko wa Ebola ulioanzia Gulu mwaka 2000 uliua watu 224, akiwemo Dkt. Matthew Lukwiya, aliyeongoza Hospitali ya Lacor. Bundibugyo, mwaka 2007, ikamchukua Dkt. Jonah Kule. Kwa hiyo kirusi kiliposhika Kongo mashariki mwaka 2018, Uganda haikungoja kibishe hodi: wahudumu wa afya wapatao 4,700 walichanjwa kabla mgonjwa wa kwanza hajavuka mpaka.

Hiyo ndiyo taasisi inayojifunza, dhana iliyoenezwa na Peter Senge wa Marekani katika kitabu chake cha 1990. Wengi huichanganya na semina: watu wanakaa hotelini siku tatu, wanapokea posho na cheti, na Jumatatu kazi inaendelea vilevile. Hapo amejifunza mtu, pengine. Ofisi haijajifunza kitu, maana funzo halijaingia katika utaratibu wake.

Mtaalamu mwingine, Chris Argyris, alitofautisha ngazi mbili za kujifunza. Nesi akikuta glavu zimekwisha, akaleta nyingine, amerekebisha kasoro. Akiuliza kwa nini mgonjwa mwenye homa huketi benchi moja na wajawazito kabla ya kupimwa joto, amegusa kanuni iliyozaa kasoro. Ngazi hii ya pili ni ngumu, kwa sababu kanuni ina mwenyewe, na mwenyewe mara nyingi ndiye bosi. Mahali ambapo anayeuliza huonekana mjuaji, maswali huishia jikoni kwenye chai.

Agosti 2019, msichana wa miaka tisa alivuka Mpondwe na mama yake wakitafuta matibabu Bwera. Wapimaji wa mpakani walimtambua papo hapo, akatengwa, ingawa hakupona. Juni ugonjwa ulikamatwa hospitalini. Safari hii ulikamatwa mlangoni, na watu wa kipimajoto, ambao katika orodha ya vyeo hukaa chini kabisa.

Basi ukitaka kuipima ofisi yako, iwe zahanati, shule au chama cha ushirika cha kahawa, acha kuhesabu vyeti. Tafuta kosa kubwa la mwaka jana, kisha mwangalie mfanyakazi aliyeajiriwa jana. Je, amefundishwa kulikwepa, na akiliona linarudi, ana ruhusa ya kusema "simamisheni"?